Utafiti wa miezi mitatu una masharti yake

Mwaka 1968 wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Oxford walianzisha utaratibu ambao hadi leo unafuatwa katika nchi nyingi. Jumatatu asubuhi wahandisi kutoka viwandani wanasimama mbele ya watafiti na kueleza tatizo lililowashinda. Siku zinazofuata watafiti, wanafunzi wakiwamo, wanakaa vikundi vikundi kulichambua tatizo hilo, huku mhandisi akiwa papo hapo kujibu maswali. Ijumaa kila kikundi kinaeleza kilikofikia, na ripoti ya maandishi inafuata baadaye. Hakuna anayetarajia kwamba mhandisi ataondoka Ijumaa jioni na mtambo mpya.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unapingana na lawama inayosikika mara kwa mara: kwamba ushirikiano kati ya vyuo vikuu na kampuni unakufa kwa sababu muda ni mfupi. Wiki moja ni muda mfupi mno, na bado utaratibu ule umedumu zaidi ya nusu karne. Umedumu kwa sababu kila anayeingia ukumbini anajua wiki ile inaweza kutoa nini na haiwezi kutoa nini. Kampuni inajua itaondoka na tatizo lililoelezwa upya kihisabati, modeli ya mwanzo, na pengine njia mbili tatu za kufuata. Watafiti nao wanajua hawatadaiwa zaidi ya hapo. Miradi ya miezi mitatu au sita inayoishia kwa manung'uniko ina muda mkubwa kuliko huo mara kumi na zaidi, ila haina maelewano hayo.

Mradi mfupi haupatikani kwa kuuchukua mradi mrefu na kuukata mkia. Ni kazi ya aina yake, na ni lazima upangwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Swali la kwanza kwenye kikao cha kwanza liwe hili: siku matokeo yatakapowekwa mezani, kampuni itaamua nini ambacho leo haiwezi kukiamua? Kama hakuna uamuzi wowote unaosubiri, basi kampuni inahitaji semina au kikao cha ushauri, na ni heshima kwa pande zote mbili kuambizana hilo mapema.

Chukulia kiwanda kinachosumbuliwa na pampu zinazoharibika ghafla. Mhadhiri akiulizwa lengo la mradi, ataandika kwamba ni kuchunguza matumizi ya ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na data, katika matengenezo ya mitambo. Meneja ataandika kwamba anataka uzalishaji usisimame hovyo. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna kati ya malengo hayo linaloweza kukamilika ndani ya wiki kumi na mbili. Katikati yake lipo swali linalokamilika: je, taarifa za mtetemo ambazo kiwanda tayari kinakusanya kwenye pampu chache zinaonyesha dalili mapema kabla ya pampu kuharibika, kiasi cha kuhalalisha bajeti ya kufunga vihisi kwenye pampu zote? Jibu litakuwa ndiyo, hapana, au taarifa zilizopo hazitoshi kujua. Meneja akipata "hapana" ameokoa fedha. Akiambiwa taarifa hazitoshi, anajua aanze kurekodi nini kuanzia kesho. Mtafiti hana sababu ya kuona haya kwa jibu lolote kati ya hayo matatu, maana swali liliulizwa hivyo tangu mwanzo.

Tuufuate mradi huohuo tuone wiki zinakwenda wapi. Wiki mbili za kwanza data hazijatoka, kwa sababu mwanasheria wa kampuni na ofisi ya chuo hawajaafikiana ni sheria za nchi ipi zitatawala makubaliano ya kutunza siri. Wiki ya nne data zinafika. Mtetemo umerekodiwa vizuri, lakini kumbukumbu za kuharibika ziko kwenye daftari la mafundi wa zamu, kwa mwandiko wa mkono: "Pampu na. 4, beringi imebadilishwa." Saa haikuandikwa. Haijulikani kama beringi ile ilivunjika au ilibadilishwa kwa tahadhari tu wakati fundi anafanya kazi nyingine pembeni. Saa ya mfumo wa vihisi nayo haikurekebishwa baada ya umeme kukatika, kwa hiyo tarehe za pande mbili hazioani. Aliyeandika daftari amehamishiwa kitengo kingine. Wiki ya saba ndipo mtafiti anapata orodha anayoweza kuiamini, na hapo anagundua kwamba ndani ya miaka miwili zile pampu zenye vihisi zimeharibika mara tatu tu.

Katika simulizi hiyo hakuna mtafiti mzembe wala kampuni yenye hila. Hivyo ndivyo taarifa za kazini zilivyo popote pale, kwa sababu zilikusanywa kwa ajili ya kuendesha kiwanda, si kwa ajili ya utafiti. Kosa ni kuhesabu wiki kumi na mbili kuanzia siku ya sahihi. Zihesabiwe kuanzia siku data zinapokuwa mikononi mwa mtafiti na yeye amethibitisha kwamba zinasomeka. Na kabla ya yeyote kusaini, mtafiti aonyeshwe sampuli. Kurasa mbili za daftari lile la zamu zingetosha kubadilisha hadidu za rejea zote, na kuzipata kungechukua nusu saa.

Kuhusu kuharibika kule mara tatu, matukio matatu hayafundishi mashine chochote, na hapa watafiti tuna wajibu wa kusema wazi kuliko tulivyozoea. Watakwimu wana kanuni nyepesi: ukijaribu kitu mara kadhaa bila kushindwa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata takriban kiwango cha juu cha kushindwa unachoweza kukidai kwa uhakika wa asilimia 95. Majaribio 30 yasiyo na kasoro yanaruhusu kusema kwamba kiwango cha kasoro hakizidi takriban asilimia 10. Anayetaka kusema hakizidi asilimia 1 anahitaji majaribio yapatayo 300, yote safi. Kampuni inayoleta sampuli 30 ikitegemea kupewa hakikisho la asilimia 1 inaomba kitu ambacho hakuna profesa anayeweza kukitoa kwa uaminifu. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano. Ikifanywa kwenye kikao cha kwanza ni ushauri mzuri. Ikifanywa wiki ya kumi na moja inasikika kama kisingizio.

Elimu ya kufanya uamuzi kwa sampuli chache yenyewe inadaiwa mengi na ushirikiano wa namna hii. William Sealy Gosset alikuwa mkemia katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na majaribio yake ya shayiri na malighafi nyingine yalikuwa na vipimo vichache mno kwa kanuni za takwimu za wakati ule. Mwaka 1906 kampuni ikamruhusu kwenda kufanya kazi katika maabara ya Karl Pearson, University College London, akakaa hadi 1907. Mwaka 1908 makala yake ikatoka katika jarida la Biometrika, na ndiyo chimbuko la jaribio la t ambalo kila mwanafunzi wa takwimu hulisoma. Guinness haikuwa ikiruhusu wafanyakazi wake kuchapisha kwa majina yao, hivyo mwandishi akajiita "Student". Kampuni ilipata njia ya kuamua kwa vipimo vichache, sayansi ikapata makala, na washindani hawakuambiwa kiwandani kunafanyika nini. Mvutano wa siri na uchapishaji, ambao leo unaweza kusimamisha mradi kwa miezi, ulimalizwa kwa sharti dogo lililoeleweka na kila mhusika.

Pale ambapo sharti halikufikiriwa hadi mwisho, mambo huenda upande mwingine. Betty Dong, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alilinganisha Synthroid, dawa ya tezi ya shingo iliyokuwa ikitengenezwa na kampuni ya Boots, na dawa nyingine za aina hiyo zilizouzwa kwa bei nafuu zaidi. Boots ndiyo iliyogharimia utafiti. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachokataza kuchapisha matokeo bila idhini ya maandishi ya kampuni. Uchambuzi ulionyesha kwamba dawa zile zinalingana na zinaweza kutumika moja badala ya nyingine. Makala ilikubaliwa na jarida la kitabibu la JAMA na ilikuwa itoke Januari 1995. Ikaondolewa, na haikuchapishwa hadi Aprili 1997, baada ya mzozo kuwa wa hadharani. Kifungu cha sentensi moja kiliwanyima madaktari na wagonjwa taarifa hizo kwa miaka.

Nina msimamo hapa, wala siupunguzi makali: kampuni inastahili siri ya mambo yake, lakini haistahili kura ya turufu juu ya matokeo. Utaratibu unaofaa upo na ni wa kawaida. Mtafiti anaipelekea kampuni rasimu kabla ya kuituma kwenye jarida, na kampuni inapewa muda maalumu, mara nyingi siku 30, kuonyesha ni taarifa gani za siri zimeingia humo ziondolewe. Ikionekana kuna uvumbuzi unaohitaji kulindwa, muda unaongezwa, kwa mfano hadi siku 90, ili maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, yawasilishwe. Siku hizo zikiisha, makala inaenda.

Suala la hataza linahitaji neno zaidi, kwa sababu ndipo wanasayansi wengi wasio na nia mbaya wanapoiumiza kampuni bila kujua. Chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uvumbuzi lazima uwe mpya kabisa siku maombi yanapowasilishwa. Bango kwenye mkutano wa kitaaluma, au tasnifu ya mwanafunzi iliyowekwa maktabani wazi kwa wasomaji, vinatosha kuufanya usiwe mpya tena. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa neema baada ya yeye mwenyewe kuutangaza uvumbuzi wake, na neema hiyo imewafanya baadhi ya watu waamini kwamba iko kila mahali. Mwanafunzi wa uzamili anayefurahia bango lake la kwanza hana habari na haya yote. Msimamizi wake ndiye wa kumwambia, tena mapema.

Kesi ninayotamani kila mhadhiri aisome kabla ya kumpeleka mtu kampuni kwa muda mfupi ni ile ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya dawa ya Roche. Mwaka 1988 daktari mtafiti Mark Holodniy alijiunga na Stanford na kusaini hati ya chuo akiahidi kwamba atakabidhi kwa chuo haki za uvumbuzi wake. Maabara yake ilitaka kupima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu, na mbinu mpya ya kuzidisha vinasaba iitwayo PCR ilikuwa imebuniwa katika kampuni ndogo ya Cetus. Msimamizi wake akampangia kwenda huko kujifunza. Kampuni ikampa fomu ya usiri ya wageni, akasaini. Fomu ile ilisema kwamba atakabidhi, na kwa hati hiyohiyo anakabidhi, haki za uvumbuzi wowote utakaotokana na kupokelewa kwake pale. Alifanya kazi Cetus miezi tisa, akapata njia ya kupima, akarudi chuoni kuiendeleza na wenzake. Stanford ikapata hataza. Mwaka 1991 Roche ikanunua biashara ya PCR ya Cetus, vipimo vikaingia sokoni, na mwaka 2005 Stanford ikaenda mahakamani.

Ikashindwa. Mahakama ya rufaa iliona kwamba ahadi aliyoitoa kwa chuo ilikuwa ya kukabidhi baadaye, ilhali fomu ya kampuni ilikabidhi palepale, hivyo kampuni ilitangulia. Stanford ilitegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1980 ijulikanayo kama Bayh-Dole, inayohusu uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali kuu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ikasema sheria ile haikifanyi chuo kuwa mmiliki moja kwa moja. Haki za mvumbuzi huanza kwa mvumbuzi mwenyewe.

Miezi tisa ya kazi, karatasi moja iliyosainiwa wakati wa kupokelewa, na miaka mingi ya kesi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwapo, ila wenye mali hawakuwa wamelisoma. Ziara fupi ndizo zinazozaa karatasi za namna hii, kwa sababu hakuna anayeona haja ya kumpelekea mwanasheria fomu ya mgeni. Kwa hiyo pande mbili zikubaliane tangu mwanzo kwamba mkataba wa mradi ndio unaotawala, na kwamba fomu yoyote atakayopewa mtafiti au mwanafunzi mlangoni haiwezi kuubadilisha. Sentensi hiyo moja iandikwe kwenye mkataba wenyewe.

Kutokana na kesi kama hizi wapo wanaohitimisha kwamba dawa ni mkataba mnene zaidi. Sikubaliani nao. Mkataba unaojadiliwa miezi minne kwa ajili ya kazi ya miezi mitatu umeshapoteza maana. Uingereza, baada ya ripoti ya Richard Lambert ya mwaka 2003 kuhusu ushirikiano wa biashara na vyuo vikuu, mikataba ya mfano iliandaliwa na kutolewa mwaka 2005. Inatofautiana hasa katika nani anamiliki matokeo na nani anaruhusiwa kuyatumia. Faida yake kubwa kwa mradi mfupi ni kwamba pande mbili zinachagua mfano mmoja na kuacha kuandika upya kila kifungu. Kigezo changu ni hiki: kama matokeo yanayotarajiwa ni ya thamani kiasi kwamba umiliki wake hauwezi kuafikiwa ndani ya wiki mbili tatu, basi huo si mradi mfupi tena, na upangwe kama mrefu. Kama ni uchunguzi wa awali, kampuni ipewe haki ya kutumia matokeo ndani ya shughuli zake, chuo kibaki na haki ya kufundishia na kuendeleza utafiti, na kazi ianze.

Kuhusu ukomavu wa teknolojia, kipimo cha ngazi tisa kilichoanzia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kinasaidia kuepusha ugomvi, hata kama si kamilifu. Ngazi ya kwanza ni kanuni ya kisayansi iliyoonwa. Ya tisa ni mfumo uliothibitika ukifanya kazi katika mazingira yake halisi. Maabara nyingi za vyuo zinafanya kazi katika ngazi tatu nne za mwanzo. Kampuni zinataka kununua vitu vya ngazi ya saba na kwenda juu. Miezi mitatu ikisogeza kitu ngazi moja, imefanya kazi nzuri sana. Iandikwe tunaanzia ngazi ipi na tunakusudia kufika ipi. Meneja akiona kwamba mradi unaishia ngazi ya nne hatatangulia kuwaahidi wakubwa wake bidhaa.

Kalenda nayo si jambo la kudharau. Kampuni inahesabu mwaka kwa robo za bajeti, chuo kinahesabu kwa muhula. Mradi unaoanza wiki moja kabla ya mitihani unapoteza mwezi. Utafiti unaohusisha watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kamati haiwezi kuharakishwa na simu ya mkurugenzi. Gharama za uendeshaji za chuo, ambazo kampuni nyingi huziona kama ada isiyo na maelezo, zitajwe na zifafanuliwe kabla ya hesabu ya mwisho kutumwa. Katika vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani kiwango hicho, kwa miradi ya serikali kuu, mara nyingi huzidi asilimia 50 ya gharama za moja kwa moja, kwa hiyo mtu asiyekizoea ana haki ya kushtuka.

Lakini anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote ni mwanafunzi. Mara nyingi yeye si mwajiriwa wa chuo wala wa kampuni, na ndiye anayefanya kazi zenyewe. Kampuni ikibadilisha swali katikati, profesa atapata makala nyingine, meneja atapata mradi mwingine. Mwanafunzi ana tasnifu moja tu, na mtahini hatakubali maelezo kwamba mteja alibadili mawazo. Sioni uungwana katika mpango unaomwachia yeye hatari yote. Swali la tasnifu lilindwe hata swali la kampuni likigeuka. Kama kuna sehemu za siri, watahini wajulikane na wasaini usiri mapema, si wiki ya utetezi. Na aelezwe kwa maneno anayoyaelewa haki zake ni zipi juu ya anachobuni, kabla hajasaini chochote.

Ushirikiano unahitaji pia mtu mmoja upande wa kampuni anayeweza kujibu swali la kiufundi ndani ya siku moja au mbili. Kwenye zile wiki za Oxford mhandisi hupatikana ukumbini. Katika mradi wa miezi mitatu yuko kwenye kazi zake, na barua pepe kuhusu saa ya vihisi inakaa siku tisa bila kujibiwa, si kwa dharau bali kwa sababu hakuna aliyempangia saa za kuijibu. Saa mbili kwa wiki ziwekwe kwenye ratiba yake rasmi, bosi wake akijua. Kwa maoni yangu mchango huo una thamani kuliko nyongeza yoyote ya fedha, na kampuni isiyoweza kuutoa haijawa tayari.

Wiki mbili za mwisho zisifanyiwe utafiti. Ni za makabidhiano. Ripoti iandikwe kwa ajili ya yule atakayeamua, ikianza na jibu la swali lililoulizwa, hata kama jibu ni hapana, na ikitaja wazi ni majaribio gani yalishindwa ili mtu mwingine asiyarudie. Programu isitumwe tu kama kiambatisho. Mwanafunzi akae kimya pembeni, na mfanyakazi wa kampuni aiendeshe mwenyewe, kwenye kompyuta yake, kwa data za mwezi ule ambazo mwanafunzi hajawahi kuziona. Hapo ndipo yanapojitokeza yale ambayo hayakuandikwa popote: toleo la zamani la maktaba ya programu, njia ya faili iliyoelekezwa kwenye kompyuta ya chuo, kizio cha kipimo ambacho mwanafunzi alikijua kichwani tu. Mfanyakazi huyo atajwe kwa jina kwenye hadidu za rejea siku ya kwanza. Kama kampuni haijampata, mradi usubiri hadi apatikane.